Umeme wa Saa za Korona

Mwantumu alikuwa akitwanga mahindi huku akikitazama kibanda kipya cha bati ng'ambo ya njia. Ndani kulikuwa na mashine ya kusaga ya akina mama wa kijiji. Mota ilifunikwa gunia kuku wasiinyee, na ufunguo wa kufuli ulining'inia shingoni mwake kwa kamba ya mkonge. Nguzo zilikwisha simikwa, waya ulikwisha vutwa. Kilichobaki ni mkataba.

Kando yake Grasiana naye alitwanga, tumbo lake limeshuka, akiwa wa kujifungua wakati wowote. Kila mara alisimama kuvuta pumzi, ameegemea mchi.

"Acha, nitakumalizia," Mwantumu alisema.

"Na yako atamaliza nani? Wewe kasaini huo umeme leo. Nataka mtoto akija anikute bado nina mgongo."

"Nikisaini vibaya je?"

"Umeme nao una vibaya? Si unawaka tu."

Upande wa Mnyuzi king'ora cha shamba la mkonge kikalia. Korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge, ilikuwa inaanza kazi. Wanawake wakaacha vinu, wakabeba majembe. Kijiji hakikuwa na saa nyingine. King'ora kikilia asubuhi, watu wote waingie shamba la ujamaa. Kikilia tena jua likiwa utosini, watoke. Asiyeonekana alitozwa faini, hata mwenye mimba.

Mchana, miguu ikiwa bado na udongo, Mwantumu aliandamana na mwenyekiti wa kijiji, mzee Mhina, kufuata reli mpaka ofisi ya shamba la mkonge. Meneja Semboja aliwapa viti. Ndugu Dunstan, afisa maendeleo aliyetoka Korogwe, alikuwa amesimama na funguo za gari mkononi.

"Sahihi hapa na hapa," Dunstan alisema. "Mwenyekiti, halafu mama kwa niaba ya kikundi."

"Tusomewe kwanza, ndugu."

"Wataalamu wamekwisha soma, mama."

"Watalipa wao?"

Mzee Mhina akakohoa. Semboja akatabasamu, akauvuta mkataba na kuusoma mwenyewe, polepole. Injini ya shamba la mkonge itakiuzia kijiji umeme katika saa ambazo korona inafanya kazi. Kijiji kitalipa kiasi kilekile kila mwezi, kiutumie umeme kisiutumie.

"Korona inafanya kazi saa zipi?" Mwantumu aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Zamani mchana kutwa. Tangu mafuta yapande bei, asubuhi tu."

"Asubuhi sisi tuko shamba. King'ora kinachoiwasha korona ndicho kinachotuingiza shamba. Kinachoizima ndicho kinachotutoa. Huo umeme tutausagia lini?"

Mzee Mhina alivua kofia, akaitazama kwa ndani.

"Tuwashieni jioni," Mwantumu alisema.

"Nizungushe injini nzima kwa ajili ya mashine moja ya kusaga? Dizeli itakayoungua haitafidiwa na unga wa kijiji kizima."

"Basi wekeni mita. Tulipie tulichotumia."

"Mita tumeagiza, hazijaja. Na hata zikija, injini ni ileile na mafundi ni walewale. Kama sina malipo ya uhakika, makao makuu wananiuliza mimi, hawakuulizi wewe."

"Na korona ikiharibika?"

"Mnalipa."

"Mwenye ng'ombe akiniambia leo maziwa hakuna, nalipa?"

"Ng'ombe anakula hata asipokamuliwa, mama."

"Ni wako. Mlishe wewe."

Semboja alicheka, lakini hakuugusa mkataba. Mwantumu akamgeukia Dunstan.

"Basi sisi tubadilishiwe saa. Tulime jioni."

"Saa za shamba la ujamaa zimepangwa wilayani. Siwezi kuzigusa."

"Na saa za umeme zimepangwa hapa. Waliopanga huku na waliopanga kule hawakuulizana?"

"Mkutanoni tuliwauliza ninyi. Mkapiga makofi."

Hilo lilikuwa kweli. Mota ililetwa kwenye lori lililopambwa makuti, wakaimba mpaka sauti zikakauka. Walikuwa wamechanga mbuzi na kuku ili wainunue, na hakuna aliyeuliza umeme utauzwaje. Sasa mota ilikuwa yao, na muuzaji wa umeme alikuwa mmoja tu.

"Makofi tuliipigia mota," Mwantumu alisema. "Mkataba hatukuonyeshwa."

"Sikiliza, mama. Kuna kijiji kule Mazinde wanaililia mashine hiyo. Kama hamtaki, lori ninalo. Leo hii naihamisha."

Mzee Mhina alikwisha shika kalamu. Alitia sahihi yake ndefu, kisha akamwinamia Mwantumu.

"Tia, mwanangu. Ikienda Mazinde tutakuwa tumekosa mbuzi na mashine."

Mwantumu alimfikiria Grasiana na ule mchi. Akatia sahihi. Dunstan alimpa mkono wa pongezi. Yeye akampa, ukiwa na udongo wake.

Walirudi kwa njia ileile ya reli. Walipofika karibu na nyumba, mzee Mhina alisema, "Utawaambiaje wenzako?"

"Kama ilivyoandikwa."

Kesho yake king'ora kilipolia, mzee Mhina alikwenda shamba la ujamaa kuita majina. Aliwakuta wanaume tu. Akarudi kijijini akitweta.

Majembe ya wanawake yalikuwa yameegemezwa ukutani mwa kibanda. Wenyewe walikaa chini na madebe ya mahindi. Ndani mota ilikuwa ikinguruma, unga wa kwanza ukimwagika, na Mwantumu alikuwa mweupe mpaka kope.

"Mwantumu! Shamba je? Wilayani watasemaje?"

"Shikamoo, mzee. Tumelipia asubuhi. Tunasaga asubuhi."

Kabla mzee hajaitikia, mota ilishusha sauti, ikazunguka kidogo, ikasimama. Debe la kwanza halikuwa limejaa. Upande wa Mnyuzi korona nayo ilikuwa kimya.

"Imeharibika," mzee Mhina alisema, kwa sauti ya mtu aliyepata nafuu. "Haya, mama zangu. Majembe."

Mwantumu alitoka, akajikung'uta unga, akakaa kizingitini kando ya Grasiana, aliyekuwa ameshika kiuno kwa mikono miwili.

"Na wewe, mama kijacho, unangoja nini?" mzee aliuliza.

"Umeme, mzee," Grasiana alisema. "Hata sasa hivi tunaulipia."

Hakuna aliyeinuka.