Mwalimu Asiyetia Neno

Kama kungekuwa na nishani ya watu wanaojisifu kwa kunyamaza, mwalimu huyu angeivaa hata bafuni. Kwa miaka tisa alikuwa akifundisha usanifu wa picha chuoni na kuwaandaa vijana kwa mashindano ya kimataifa ya ufundi stadi, na kila mgeni aliyechungulia chumba cha mazoezi aliambiwa habari ile ile: "Mimi siingilii. Saa ikianza kuhesabu, sitii neno." Na kweli hakutia. Wanafunzi walimwita Milimita, maana alipima pambizo kwa rula hata kwenye kadi za harusi alizoalikwa, na yeye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na mama yake.

Kasoro ilikuwa moja tu, tena ndogo: alikuwa hajawahi kumfikisha mtu kwenye mashindano yenyewe. Vijana wanane, mmoja kila mwaka, walianguka kwenye jaribio la mwisho, lile ambalo walimu hubaki nje. Milimita aliwalaumu wao. Woga, alisema. Vijana wa siku hizi hawana moyo.

Mwaka wa tisa tegemeo lake lilikuwa Shoto, binti aliyeshika kipanya cha kompyuta kwa mkono wa kushoto. Mikono yake ilikuwa dhahabu. Kama angepata alama sabini, angekwenda ng'ambo kushindana, na mwalimu wake, hatimaye, angepanda ndege. Msahihishaji alikuwa Mama Mchapaji, aliyeendesha kiwanda cha uchapaji mpaka akastaafu, mwanamke ambaye mdomo wake hauna breki.

Wiki mbili kabla ya jaribio, Mama Mchapaji alikuja kuangalia mazoezi. Shoto alikaa kwenye kompyuta yake. Milimita alikaa ng'ambo ya meza, wakitazamana, mbele ya skrini ya pili iliyomwonyesha kila alichofanya binti. Kazi ilikuwa nembo ya sabuni. Sasa, asubuhi hiyo gego la Milimita lilikuwa limeamka vibaya. Lilimpiga mpaka jicho likatoa chozi, lakini alijikaza, kimya. Shoto akachora nembo, akafuta. Akachora ya pili, nzuri, akafuta. Ilipofutwa ya saba, Milimita alikuwa ameshika tama akijiuliza mtoto huyu amepatwa na nini.

Mama Mchapaji akasimamisha saa. "Binti yangu, ile ya pili uliifutia nini?"

Shoto aliinamisha kichwa. "Mwalimu hakuipenda."

"Mimi?" Milimita aliruka. "Nimesema nini mimi?"

"Hukusema, Mwalimu. Ulikunja uso hivi." Akaukunja wake, na jamani, alimwigiza sawasawa mpaka ikawa aibu.

"Ni jino hilo!"

"Na ile ya saba ukafumba macho kabisa."

"Jino hilo hilo!"

Mama Mchapaji alicheka mpaka akashika meza. Kisha akamgeukia Milimita. "Ndugu yangu, leo gego lako limefuta nembo saba. Huyu mtoto hasanifu, anakusoma wewe. Siku ya jaribio utakuwa nje. Atamsoma nani?"

Milimita alikataa katakata. Nyani haoni kundule. Alikwenda nyumbani akamsimulia mkewe kisa chote, akingoja kuonewa huruma.

Mkewe aliendelea kukunja nguo. "Uso wako? Baba, mimi niliacha kuchagua mapazia tangu mwaka ule wa kwanza. Nashika kitambaa, nakutazama, nakirudisha. Unadhani haya ya kijivu niliyapenda mimi?"

"Si ulisema ni mazuri?"

"Wewe ndiye uliyetabasamu."

Miaka kumi na minne amewatambia wageni kwamba mke wake ana jicho la kuchagua! Kesho yake aling'oa gego, lakini usoni kulikuwa bado na nyusi, mdomo na paji zima la mikunjo. Alisimama mbele ya kioo cha bafu akijaribu kuukausha uso usioneshe kitu. Nyusi zikagoma.

Siku ya jaribio alikaa kwenye benchi la korido. Shoto alipewa saa tatu atengeneze boksi la sabuni na bango lake. Saa ya kwanza ilipoisha, Mama Mchapaji alitoa kichwa mlangoni. "Hajagusa kitu. Anatazama kiti kitupu mbele yake."

Milimita aliwakumbuka wale wanane, mmoja mmoja, na hakuona woga wa mtu pale. Aliona vijana waliokalishwa mbele ya kiti kitupu. Alikuwa amewafunza mikono na kuwanyang'anya macho, halafu akawatukana. Lo! Na akajiita mwalimu. Alitamani kuingia amwombe binti radhi, lakini hata hilo lingekuwa kutia uso wake mle ndani. Akabaki pale pale, akiona haya mbele ya ukuta.

Kitambo kikapita, printa ikaanza kukoroma.

Boksi lilipotoka lilikuwa la zambarau na njano, herufi zimelala upande kama mlevi. Milimita asingeliruhusu liishi dakika mbili. Na lilikuwa zuri, hakuna ubishi, kazi ya mtu aliyejua anataka nini. Shoto alipata alama sabini na nne.

Mama Mchapaji akafungua fomu. "Mshindani anakwenda na mwelekezi mmoja tu. Kanuni inaruhusu mimi msahihishaji au mwalimu wako, na wa kuchagua ni wewe. Unakwenda na nani?"

Shoto alifanya alichozoea: aligeuka kumtazama Milimita usoni.

Na uso ule ulikuwa unaomba. Aliuhisi mwenyewe ukiomba, nyusi zimepanda, mdomo umeshaanza kutabasamu. Miaka tisa ameitaka safari hii kuliko kitu chochote, na sasa ilibaki nusu ya tabasamu tu aipate. Akapiga moyo konde, akawapa mgongo, akaukodolea macho ubao wa matangazo.

"Mwalimu?"

Hakugeuka.

"Mwalimu, we nitazame basi."

Hakugeuka. Alisoma tangazo la kwanza mpaka mwisho, akaanza la pili.

"Nitakwenda na Mama," Shoto alisema hatimaye. Sauti ilitetemeka mwanzoni, kisha ikakaa sawa. "Ndiyo. Na Mama."

Iliuma, tena sana. Machozi yalimtoka na mdomo ukawa unacheka wenyewe, na alisimama hivyo hivyo mpaka aliposikia kalamu imemaliza kuandika.