Shubiri Moja ya Mkia

Kinyozi alikuwa na subira ya kazi. Mteja atikise kichwa, asinzie, apokee simu wembe ukiwa kisogoni, yeye kimya tu. Lakini ndege hii ya rimoti ilikuwa ikimchezea shere mbele ya mkewe, tena siku ambayo hakutaka kabisa kuchekwa.

Akigusa kijiti cha rimoti kidogo tu, pua inaruka juu. Akiirudisha, inapiga mbizi. Inapanda, inashuka, inapanda tena, utadhani ina kwikwi.

"Tulia basi, mwanaharamu we!" aling'aka.

"Uliapa mwenyewe," mkewe, fundi cherehani, alimkumbusha kutoka penye goli la uwanja wa mpira. "Hii ikivunjika, mambo ya ndege basi."

Alijua aliapa. Alijua pia ugonjwa wa ndege ulipo, na hilo ndilo lililomkata maini. Wiki iliyopita ilipaa vizuri, imenyooka. Kibawa kidogo cha mkiani kilikuwa mbali kule nyuma, na kikikaa mbali namna ile huishika pua isiyumbe. Lakini ndege ililala juu ya kabati fupi, mkia umechomoza hadi juu ya kitanda, na mkewe akitandika shuka akaugonga kwa paji la uso. Kelele alizopiga! "Mimi au huo mkia!" Basi jana Kinyozi akanuna, akachukua wembe, akakata shubiri nzima ya kiwiliwili na kugundisha mkia karibu na mabawa. Hakumwambia mtu. Alitaka mkewe aone mwenyewe alichokiharibu.

Sasa anaona. Upepo ukavuma kidogo, pua ikainuka, Kinyozi akaivuta chini kwa hasira, ndege ikajichimbia katikati ya uwanja.

Mkewe ndiye aliyefika kwanza. Akaokota kipande cha nyuma, akakigeuzageuza.

"Mbona fupi hivi?"

"Nimeikata."

"Umeikata? Kwa nini?"

"Si wewe! Mimi au mkia, mimi au mkia!" Yalimtoka yote. "Ndege bila mkia wa maana hairuki, mama! Haya, furahi!"

"Nilisema uitoe juu ya kitanda! Nani alikwambia ukate?" Naye sauti ilikuwa imepanda. "Zile kamba mbili nilizofunga darini, juu ya cherehani yangu, ulidhani za nini?"

Kamba Kinyozi alikuwa ameziona. Zilikuwa imara, zimenyooka, zimeachana kwa nafasi nzuri, na tangu alipoziona alikuwa akianikia hapo mataulo ya saluni.

"Nilipima ndege ining'inie hapo na mkia wake wote," mkewe alisema. "Kila nikiyatoa mataulo yako, unayarudisha. Nikanyamaza, nione utashtuka lini."

Kinyozi aliinama kuokota mabawa. Walitembea hadi ukingoni mwa uwanja kabla hajathubutu kuuliza.

"Kwa hiyo ndiyo ya mwisho?"

Mkewe hakugeuka. "Kwanza katoe mataulo yako kwenye kamba zangu."