Magurudumu Yasiyo na Usukani

Vyuo viwili vilimchagua Alinanuswe. Kimoja cha Mbeya, akasomee ualimu wa hisabati. Kingine cha Dar es Salaam, uhandisi mitambo, na huko ndiko ilikokuwa njia ya kufikia alichokitaka: kubuni treni na ndege. Alitakiwa kuthibitisha kimoja kabla ya Jumatatu jioni, kwa namba ya siri iliyotumwa kwenye simu. Na simu yenyewe ilikuwa ya baba yake mkubwa, Anyelwisye, kwa kuwa wakati wa kuomba Alinanuswe hakuwa hata na kitambulisho cha kusajilia laini.

Baba Mkubwa ndiye aliyemlea tangu baba yake afariki. Jumapili baada ya ibada aliwaita nyumbani kwake Kawetele: Alinanuswe, mama yake Agness, na Lusungu, mtoto wa kwanza wa Baba Mkubwa mwenyewe. Mvua ilipiga bati mpaka akalazimika kupaza sauti.

"Nimeshaamua. Ni ualimu. Mbeya ni karibu, na mwalimu hakosi pa kufundisha."

"Baba Mkubwa, ualimu niliujaza kwa sababu ulisema uwe akiba."

"Na akiba ndiyo inayoliwa njaa ikija. Treni! Hapa Rungwe kuna reli gani? Uifuate mpaka Mbeya, nayo ilijengwa hata hujazaliwa."

"Ilibuniwa na watu," alisema Alinanuswe. "Walizaliwa na wanawake kama mama yangu."

Akainuka. Kwenye sinia la chai alichukua vikombe vinne vya plastiki, vile vyenye kitako chembamba, akatoa selotepu mkobani. Viwili akaviunganisha mdomo kwa mdomo, viwili kitako kwa kitako. Akaegemeza fito mbili za mwanzi kwenye benchi, sambamba, kama reli inayoshuka mlima. Vile vya kitako kwa kitako viliyumba vikaanguka kabla ya nusu ya safari. Vile vya mdomo kwa mdomo viliyumba, vikajirudisha katikati, vikafika chini.

"Gurudumu la treni halina usukani," alisema. "Limechongwa hivi, ndani nene, nje jembamba. Likienda kando linajirudisha lenyewe. Mwalimu Cosmas alituonyesha tulipokuwa kidato cha tano. Tangu siku ile sijataka kazi nyingine."

Baba Mkubwa alivirudisha juu, akavisukuma mwenyewe. Akarudia tena. Kisha akaegemea kiti.

"Vizuri. Lakini mtazame huyu." Alimwonyesha Lusungu kwa kidevu. "Ana digrii ya uhandisi. Mwaka wa tatu huu anauza ndizi soko la Tukuyu. Nimeshazika tumaini moja. La pili silichimbii kaburi."

Alinanuswe alikuwa amejiandaa kwa hoja zote isipokuwa hiyo.

Lusungu ndiye aliyejibu, taratibu.

"Baba, usinifanye fimbo ya kumchapia mtoto."

"Nimesema uongo?"

"Hapana. Ndizi nauza, na sioni aibu. Ila miaka ile minne siijutii hata siku moja. Na bado naomba kazi, kila mwezi. Hujawahi kuniuliza."

Baba Mkubwa alitazama mlangoni, mvua ikinyesha. Alinanuswe akaona asiposema sasa hatasema tena.

"Huenda nami nitakosa kazi. Lakini nitakuwa nimejaribu mwenyewe. Ukininyima namba, Mbeya siendi. Nitachuma chai, niombe upya mwakani, na mwaka utakaofuata, mpaka uchoke wewe."

Mama Agness hakuwa amewahi kumpinga shemeji yake. Aliweka kikombe chini.

"Shemeji, ndaga, asante kwa yote uliyotutendea. Sasa mpe mtoto wangu namba yake."

Baba Mkubwa aliiweka simu mezani. "Mkilia, msinililie mimi," alisema, akachukua mwavuli akaenda kutazama ng'ombe.

Alinanuswe alichagua chuo cha Dar es Salaam, akaingiza namba. Mara ya kwanza alikosea tarakimu. Mara ya pili ilikubali.

Baba Mkubwa hakufika stendi kumsindikiza.

Mwaka wa tatu wa chuo, Alinanuswe alipelekwa kwa mafunzo kwenye karakana ya mabehewa. Akapewa kazi ya kuchora upya ngazi ya behewa, iliyokuwa juu mno kwa wazee na kina mama wenye watoto mgongoni. Mchoro wake ulirudishwa mara nne ukiwa umejaa wino mwekundu. Wa tano ulipita.

"Kwenye nafasi ya mchoraji andika jina langu," msimamizi alimwambia. "Wewe bado mwanafunzi. Ndivyo tunavyofanya hapa."

Aliandika: Alinanuswe Mwaipyana.

"Unajua naweza kukufelisha?"

"Nifelishe kwa kosa, bosi. Kosa langu liko wapi kwenye mchoro?"

Karatasi ilikaa siku mbili mezani kwa msimamizi. Siku ya tatu ilirudi na sahihi yake, chini ya jina la Alinanuswe.

Wiki tatu baadaye ngazi ilichomelewa kwenye behewa. Mafundi walisimama kando, wakamwachia apande wa kwanza. Alipanda, akashuka, akapanda tena akiwa amebeba gunia la vyuma mgongoni. Kisha akamwita mchomeleaji.

"Kipandio cha chini bado kiko juu kwa vidole viwili," alisema. "Kikate, ukichomelee chini zaidi."