Sahani Iliyotoka Kwenye Skrini

Onyesho la mchana lilipokwisha, mfagiaji wa sinema moja ya mtaa wa Bhowanipore aliinama kuokota miiba ya samaki chini ya viti vya mbele. Alinung'unika kwamba samaki aina ya ilish ana miiba mingi mno, akaendelea na kazi.

Ilikuwa hivyo tangu filamu ianze kuonyeshwa. Katikati yake mwigizaji Damayanti Lahiri, akiwa mjane mwenye sari nyeupe, huketi sakafuni na kula wali na ilish wa haradali mbele ya wakwe zake, naye mjane kwa mila ya huko hatakiwi kugusa samaki. Akishakula matonge mawili matatu, hunyoosha mkono nje ya skrini na kumpa sahani mjane yeyote aliyekaa viti vya mbele. Sahani huwa ya moto. Meneja alikwishaweka maji ya kunawa mlangoni.

Damayanti alianza kwa kuigiza maharusi wanaolia vizuri. Akachoka kulia. Akaigiza mke anayemtoroka mumewe, kisha kahaba asiyejutia lolote, na kila mara jamaa zake walikunja nyuso. Watayarishaji walipomwambia umri wake sasa ni wa kuigiza mama wakwe, akauchukua huu ujane uliokimbiwa na wenzake, na kumbi zikafurika. Alifurahi, wala hakuficha. Kilichomkera ni kimoja tu: mama yake hakuwa amekuja.

Mama huyo, Hemnalini, alifiwa na mume Damayanti akiwa msichana mdogo. Tangu hapo aliishi kwa shemeji yake, akawakaangia samaki nyumba nzima, yeye akala dengu.

"Njoo Ijumaa, mama," Damayanti alimwambia.

"Nije kukutazama ukiniumbua?"

"Uje ule."

Alikuja, na shemeji akaja naye, kumchunga. Damayanti alisimama nyuma kabisa ukutani, moyo ukimwenda mbio kuliko siku yoyote aliyosimama mbele ya kamera. Kwenye skrini, safari hii yule mjane hakungoja hata tonge la kwanza. Alinyoosha mkono moja kwa moja.

Hemnalini aliipokea sahani akaiweka mapajani. Shemeji akamwinamia.

"Shemeji, watu wanakuona."

"Si ndicho walicholipia?" alisema Hemnalini, akamega wali.

Alikula taratibu, miiba akiichambua kwa ulimi kama mtu aliyekula samaki jana tu. Ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi. Damayanti alilia, na safari hii hakulia vizuri hata kidogo. Mama yake aliirudisha sahani, akamwambia yule mjane wa kwenye skrini kwamba haradali imezidi kidogo ila amejitahidi, na filamu ikaendelea.

Jioni, nyumbani, Hemnalini alikaanga samaki wa watu wote. Shemeji akatengewa kichwa cha samaki, Hemnalini akawekewa dengu pembeni, kama kawaida. Alikula dengu zote. Kisha akamuuliza bintiye, kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa mkeka, filamu ijayo anaigiza nini, maana yeye angependa sahani ya kamba wa kupikwa kwa nazi.