Nusu Kichwa Mpaka Kituoni

Sijawahi kuwa mtu wa subira, na yeyote aliyewahi kukalia kiti cha saluni yangu analijua hilo. Nikishika kichwa chako, kichwa ni changu mpaka nimalize. Ndiyo maana nilichukia sana msusi wangu alipoanza kuwafundisha wateja haki za binadamu.

Tulimwita Wakili, kwa kumtania tu. Hakuwa wakili wa chochote. Alikuwa msusi mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi, aliyekwenda kwenye mafunzo ya jioni ya haki za binadamu katika ukumbi wa mtaa wetu, akarudi kama mtu aliyepata mchumba mpya: hana hadithi nyingine. Sasa, rasta ndogondogo huchukua nusu siku kusukwa, na mteja akishakaa chini, nywele zimeshikwa, hana pa kukimbilia. Wakili akaona hapo ndipo pa kufungua darasa. Anagawa nywele kwa chanuo, anaanza: ukikamatwa, una haki ya kuambiwa kosa lako. Anachukua fungu jingine: una haki ya kuwajulisha watu wako. Akifika kisogoni tayari yuko mbele ya hakimu, na mteja anaitikia huku kidevu kimegusa kifua.

Nilimwambia hapa ni saluni, si bunge. Akacheka. Siku moja nilikuwa nampaka mteja dawa ya kulainisha nywele, akanishika mkono, akasema ana haki ya kujua mle ndani mna nini. Mimi, niliyempaka dawa hiyohiyo tangu hajaolewa! Nikasoma maandishi ya kwenye kopo huku nimenuna, na kwa kweli yalinitisha hata mimi, ila sikuonyesha. Jioni nilimpa Wakili vidonge vyake. Kesho yake akaendelea kana kwamba nilikuwa nazungumza na ukuta.

Basi ilikuwa Ijumaa, saluni imejaa, feni inazungusha joto lilelile. Wakili alikuwa anamsuka binti aliyekuwa anaolewa kesho yake, kwa hiyo tangu asubuhi tulimwita Bibi Harusi. Upande wake wa kushoto ulikwisha sukwa vizuri, wa kulia nywele zimesimama wima. Mimi nilikuwa na Mama Pacha, mteja wangu wa miaka, kichwa kimejaa vibanio. Jirani yangu muuza ndoo akaingia anahema. Akaniambia mdogo wangu amechukuliwa na polisi.

Mdogo wangu ni fundi wa pampu za maji, mtaani wanamwita Spana. Mama alipotuacha nilimlea mwenyewe, nikisuka vichwa vya watu huku yeye amelala kwenye kapu la taulo. Sasa ana ndevu na karakana yake, lakini kwangu bado ni mtoto. Jirani alinieleza kwa haraka kwamba mwenye ghala la ng'ambo ya barabara amepoteza pampu, na kwa kuwa Spana ndiye aliyeitengeneza juzi, wamembeba yeye.

Nilitupa kitana nikatoka mbio na aproni yangu, na nyuma yangu nikasikia ndala za Wakili. Bibi Harusi akauliza kama tunamwacha hivyo hivyo, na Wakili akamjibu bila kugeuka kwamba anaweza kusubiri au kuja. Akaja. Mama Pacha naye akaja, vibanio vinagongana kichwani. Watu walitupisha njiani, na kijana mmoja mwenye mkokoteni akauliza ni mashindano ya nini. Sikuwa na pumzi ya kumtukana.

Kituoni, askari wa kaunta alinipokea vizuri mno. Aliniita mama, akanivuta pembeni, wenzangu akawaambia wabaki nje.

"Mama, hili jambo ni dogo," alisema. "Huyu kijana wako ndiye ana kichwa kigumu. Aweke saini kwenye maelezo yake, mchana huu unakula naye. Wewe ni dada yake, atakusikiliza."

Nilimshukuru. Jamani, nilimshukuru kwa mikono miwili. Alinipa kalamu na karatasi iliyokunjwa, imebaki sehemu ya chini tu yenye mstari wa saini, akanionyesha ukumbi mwembamba unaoelekea mahabusu.

Spana alikuwa amesimama nyuma ya nondo, miguu mitupu. Walikuwa wamemvua mkanda, kwa hiyo alishikilia suruali kwa mkono mmoja. Nilipoona ule mkono machozi yakanitoka. Nilimsihi kwa kila jina nililowahi kumwita. Nilimwambia mimi ndiye mama yake na baba yake, aache ukaidi, aweke saini twende nyumbani, mengine tutayamaliza baadaye. Nilipitisha karatasi kwenye nondo. Hakuipokea.

"Umeisoma?" akaniuliza.

"Nisome nini? Weka saini, mwanangu, twende."

"Dada, toka asubuhi naomba nisome, ananikunjia. Naomba anisomee, anasema namchelewesha. Nilipokuja kutengeneza draya yako, Wakili alisema usiweke saini kwenye kitu ambacho hujakisoma wala hujasomewa. Mimi siweki. Soma wewe."

Nikaikunjua ile karatasi. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko mzuri kabisa kwamba yeye, kwa hiari yake, anakiri aliiba pampu ya maji kwenye ghala na kuiuza kwa mtu asiyemfahamu. Chini ya hayo ndipo palipokuwa na ule mstari, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Nikashika nondo. Mimi niliyemlea ndiye niliyekuwa namsihi ajifunge mwenyewe. Angekuwa mtoto msikivu, angekwisha kusaini ili nisilie. Nilimtazama vile anavyoshikilia suruali yake, mkaidi kama mimi, nikampenda kuliko siku zote. Halafu mori ukanipanda, na nikipandwa na mori hata draya huzima yenyewe.

Nilirudi kaunta na karatasi yangu mkononi. Wenzangu hawakuwa nje tena. Walikuwa wamejipanga mbele ya yule askari, na Wakili alikuwa anazungumza, ila sauti ilikuwa inamtetemeka. Saluni hasiti hata kidogo, lakini hapa palikuwa na magwanda na mlango wa chuma, na maneno yalikuwa yanamkimbia. Aliuliza kosa ni lipi. Aliuliza nani amelalamika. La tatu likampotea kabisa, akabaki amefungua mdomo, na yule askari akaanza kutabasamu.

"Na lini atapelekwa mbele ya hakimu," Bibi Harusi akamalizia. "La tatu ni hilo. Umenifundisha leo leo, ulipokuwa hapa." Akajigusa juu ya sikio la kushoto, pale rasta zilipoishia.

Mama Pacha naye akaleta alichokumbuka, kwamba mtu haadhibiwi kabla hajahukumiwa, na kwamba aliyeko ndani apewe maji ya kunywa. Sina hakika kama hilo la maji alifundishwa au alilitoa kichwani mwake, lakini alilisema kwa namna ambayo usingethubutu kumbishia. Kwenye benchi la kusubiri kulikuwa na watu waliokaa kimya toka asubuhi kama mizigo. Mzee mmoja akainuka, akauliza kama na yeye anaweza kuuliza hayo matatu kuhusu mjukuu wake. Mwanamke aliyekuwa pembeni yake akasema hata yeye angependa kujua. Askari akasema wasubiri zamu zao. Wakasema zamu yao imefika.

Sijui nieleze vipi ile hali. Nilikuwa na hofu na hasira, na juu ya vyote hivyo nilitaka kucheka kwa furaha, maana kile chumba kilikuwa kimeamka.

Kelele zikamtoa mkuu wa kituo ofisini kwake, miwani ikiwa kwenye paji la uso. Alitutazama vichwa, kimoja baada ya kingine, akakosa pa kuanzia. Sikumsubiri aanze. Niliweka karatasi mbele yake nikaikunjua kwa kiganja.

"Mdogo wangu hajasema haya," nilisema. "Hajayasoma, na amekataliwa kusomewa. Nimetumwa mimi nikamsainishe. Mimi, dada yake."

Akashusha miwani, akasoma. Alimuuliza askari mlalamikaji yuko wapi. Hakuwa amefika. Akauliza kama kuna aliyemwona kijana na hiyo pampu. Hakukuwa na mtu. Nisimpambe mkuu yule kwa sifa asizokuwa nazo. Alionekana amechoka, kama mtu anayejua vizuri kinachofanyika mlangoni kwake na aliyekuwa anaomba asiulizwe. Lakini aliulizwa, tena mbele ya watu. Alichana ile karatasi vipande viwili. Aliagiza Spana atolewe, aandike maelezo yake kwa maneno yake, asomewe, kisha aende nyumbani kwa dhamana yangu wakati wanachunguza.

Vigelegele alivyopiga Mama Pacha vilisikika hadi barabarani. Wakili alinikumbatia, akaanza kulia sasa, baada ya mambo kuiva. Nilimwambia anyamaze, eti analowesha aproni yangu, na huku mimi mwenyewe nilikuwa siioni hiyo kaunta kwa machozi. Nikamwambia pia kwamba kuanzia leo afundishe anachotaka, na mimi nitakaa mbele.

Nilisisitiza niende mwenyewe na askari kufungua mlango, na Wakili akanifuata akiwa ameshika mkanda wa Spana. Ufunguo ulizunguka, mdogo wangu akatoka, nikamshika uso kwa mikono yote miwili kama vile anatoka safari ya mbali. Hapo ndipo niliposikia sauti kutoka ndani.

"Mama, na mimi je?"

Alikuwa mtu mzima, amekaa chini ukutani na ovaroli la kazi. Nilipokuwa namlilia Spana pale sikumwona hata kidogo.

"Mimi nimeshaweka saini," akasema. "Jana. Sikujua kama mtu anaweza kukataa. Nimemsikia huyu kijana leo, ndiyo nikajua."

Wakili akapiga magoti kwenye nondo. Safari hii sauti haikumtetemeka. Alimwambia hiyo saini siyo mwisho, akifika kwa hakimu aseme wazi kwamba hakusomewa, na asiongeze saini nyingine yoyote. Akamuuliza nani wake anajua yuko hapa. Hakuna aliyejua. Simu walimchukulia mlangoni. Namba ya mkewe alikuwa nayo kichwani, akanitajia taratibu, akairudia, nami nikaibonyeza kwenye simu yangu kwa vidole vyenye mafuta ya nywele.

Nje jua lilikuwa kali, Bibi Harusi anacheza kwenye ngazi za kituo na kichwa chake cha pande mbili, Spana, ameshaandika maelezo yake na kusomewa, anakaza mkanda huku watu wanampigapiga mgongoni. Nikaziba sikio moja, nikapiga.

Ikapokea sauti ya mwanamke, nyuma yake mtoto analia. Nilimwambia hanijui, ila mume wake yupo kituoni, mzima, nimemwona kwa macho yangu. Aliachia pumzi ambayo nadhani aliishikilia toka jana. Nilimwambia aje sasa hivi. Nilizungumza haraka, furaha imenijaa, nataka aipate yote kwa mara moja.

"Na nisikilize vizuri, mdogo wangu," nikasema. "Watakupokea vizuri. Watakupa karatasi, watakuambia umsihi mumeo aweke saini nyingine ili arudi nyumbani. Usikubali. Isome yote kwanza, kuanzia juu mpaka chini."

Nikamsikia anambembeleza mtoto.

"Dada," akasema polepole, "mimi sijui kusoma."

Niliwatazama wenzangu pale kwenye ngazi, mmoja nusu kichwa, mmoja vibanio, na Wakili na macho yake mekundu. Waliponiona uso wakaanza kushuka.

"Basi usije peke yako," nikamwambia, huku nimeshaanza kutembea. "Niambie unakaa wapi. Tunakuja kukuchukua."