Vikombe vya Mbio za Mji

Ofisini walimwita Bi Ratiba, kwa sababu hata chai aliinywa kwa saa. Kazi yake ilikuwa kuandaa shughuli za hadhara za mji, na kubwa kuliko zote zilikuwa mbio za kila mwaka, zilizokusanya wakimbiaji elfu nne. Miaka sita aliziandaa, na miaka sita alirudi nyumbani kifua mbele.

Kisha ikaja mvua. Siku mbili baada ya mbio za mwaka ule, ilinyesha kutwa nzima. Maji yakakosa pa kupita kwenye mtaro wa barabarani, yakaingia katika chumba cha ushonaji cha shangazi yake. Bi Ratiba alipokwenda kumpa pole, alimkuta amekunja sketi hadi magotini, ameanika vitambaa vya wateja juu ya viti.

"Pole, Shangazi. Mvua hii haikuwa na huruma."

"Mvua haina kosa," shangazi akasema. "Njoo huku."

Nyuma ya nyumba palikuwa na rundo la chupa za plastiki lililofika kiunoni. Majirani walikuwa wameshinda wakizitoa mtaroni. Karibu zote zilikuwa na karatasi yenye jina la mbio.

"Sikulaumu, mwanangu. Nilitaka tu uone zinakofikia."

Afadhali angemgombeza. Wiki nzima usingizi ulimpaa. Yeye aliyejua kila dakika ya mbio hakuwahi kujiuliza chupa inakwenda wapi ikishadondoka.

Mwaka uliofuata akamwambia mkuu wake wa idara kwamba hakutakuwa na chupa barabarani. Watafunga mabomba kwenye vituo vitano, na watu watanywa kwa vikombe vigumu vya kuoshwa na kutumika tena.

Mkuu akavua miwani. "Watu elfu nne, vikombe vya kuosha. Umechoka kazi?"

"Nimechoka chupa, mkuu."

"Haya. Ila mtu akizimia kwa kiu, jina litakalotajwa ni lako."

Mabomba yalifungwa na shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi ambaye alimtania tangu siku aliyoolewa. Safari hii hakutania. Kituo cha tatu kilikuwa juu ya kilima na maji hayakufika huko bila pampu. "Shemeji, weka tenki la akiba," alimwambia. Akarudia mara nne.

"Pampu ni mpya," Bi Ratiba alijibu. "Na tenki litaziba njia. Nimeshapanga kila kitu."

Asubuhi ya mbio, vituo viwili vya kwanza vilikwenda vizuri ajabu. Watu walikunywa, wakatupa vikombe ndani ya mapipa kama waliozoea. Bi Ratiba, aliyekuwa amepanda kituo cha tatu, alikuwa ameanza kutabasamu peke yake aliposikia pampu ya kilimani ikikohoa mara mbili, kisha kimya.

Foleni ikarefuka. Mama mmoja mwenye bandeji gotini akainama, mikono kwenye mapaja. "Dada, nimepanda kilima chote kwa ajili ya haya maji," akasema, bila hasira, na hilo likamchoma zaidi. Simu ikalia. Alikuwa mkuu. "Nunua chupa. Sasa hivi."

Bi Ratiba alisimama pale, jasho likimtiririka mgongoni, akaona mwaka mzima ukimponyoka. Tena alijua fika kwamba kosa halikuwa la pampu. Aliambiwa, akatia pamba masikioni.

Akajikaza kisabuni. Akavuka barabara hadi dukani, akarudi na katoni za chupa, zile kubwa za lita nyingi. Wasaidizi wake walipotaka kuzigawa, akawazuia.

"Mimineni kwenye vikombe. Chupa isiondoke mezani."

Kikombe cha kwanza alimpelekea mama mwenye bandeji. "Nisamehe. Niliambiwa niweke akiba, nikakataa." Mama akanywa, akapumua, akaomba cha pili, akaendelea na safari yake akichechemea. Bi Ratiba alimimina hadi foleni ikapungua. Shemeji, aliyelala kifudifudi akiihangaikia pampu, aliiwasha tena baada ya nusu saa. Akainuka na tope kidevuni, akamtazama, akanyamaza. Kwa mtu mwenye mdomo kama wake, huo ulikuwa wema mkubwa.

Mchana, uwanjani, shangazi alikuwa kwenye mabeseni akiosha vikombe na wanawake wa mtaa wake, viwiko vimejaa povu. Hakuna aliyemwita, alikuja mwenyewe. Bi Ratiba akavua viatu, akavuta kigoda.

"Nimenunua chupa, Shangazi. Nimeshindwa."

"Ziko wapi?"

"Kwenye katoni zake. Zote. Nimezihesabu mara mbili."

"Basi umeshindwa kidogo," shangazi akasema, akamsogezea beseni.

Mkuu akaja na msimamizi wa wafagiaji. Mwaka jana walijaza malori matatu ya taka. Safari hii lori moja halikufika hata nusu, na sehemu kubwa ilikuwa maganda ya ndizi, ambayo mfugaji mmoja alishayaomba kwa ajili ya ng'ombe wake. Yaliyobaki ni mabango ya plastiki, ambayo Bi Ratiba hakuwa ameyafikiria kabisa.

"Na hayo nayo?" mkuu akauliza.

"Sijui bado," akajibu. Alishangaa jinsi maneno hayo yalivyokuwa mepesi mdomoni. "Nitawauliza watu."

Mkuu akautazama mlima wa vikombe vilivyolowa. Halafu akakunja mikono ya shati, akachukua taulo, akauliza wanaanzia upande gani. Shangazi akamwonyesha, akamwonya asiache maji ndani, maana vitanuka.