Pauni za Alawiya

Hakuna biarusi wa Jomvu Kuu aliyepambwa bila mkufu wa Alawiya: pauni sita za dhahabu za zama za Malkia Viktoria, kila moja imechomewa kipete cha kuning'inizia. Akiuazimisha, hatozi kitu. Alipokufa, matanga hayajaondolewa, Noor mwenyekiti wa mtaa akamwendea mumewe, Taha, na maneno ya asali: mkufu ukakae nyumba ya mambo ya kale, wezi wasiuone. Taha, kichwa kimejaa kilio, akautoa.

Leo Swabra, binti wa dadake Taha, yuapambwa. Taha akenda huko kuuchukua.

Akazikuta pauni zimelazwa juu ya mahameli, ndani ya kabati la kioo. Mkufu haupo, wala vipete.

"Vipete viko wapi?"

"Tumevikata, mzee Taha," akasema Noor, aliyempokea mlangoni. "Wakusanyaji wa sarafu hawataki kitu kilichochomewa. Kuna mgeni wa Shanzu amezipenda. Sasa ni sarafu hasa, si mapambo ya kina mama."

"Ziliwekwa, au zilitafutiwa mnunuzi?"

"Usikasirike. Ni kwa faida ya mtaa."

"Mtaa." Taha akacheka kicheko kikavu. "Alawiya kafa, zahanati haina hata dripu. Mkasema hakuna fungu la fedha. Kioo hiki fungu lake lilitoka wapi? Mahameli je? Vya maiti mwajua kuvilinda. Mtu akiwa hai mwamtazama afe."

"Basi ngoja kamati ikae."

"Ikae. Kazi yake ni hiyo."

Kabati halikuwa na kufuli, ila karatasi ya kukataza watu wasiguse. Taha akalifungua, akazifunga pauni kwenye pembe ya kikoi, akatoka. Noor akamfuata akihema mpaka kwa Aidarus, sonara.

"Zichomee vipete, uzitungie mkufu," Taha akamwambia Aidarus. "Ziwe kama alivyozivaa mwenyewe."

"Mzee, utaziharibu," Noor akasihi. "Zikipata alama nyingine ya moto, hakuna mkusanyaji atakayezitazama tena."

"Ndilo nitakalo. Aidarus, tia mshono mnene, hata kipofu akipapasa aujue."

Aidarus alimtazama mwenyekiti, akamtazama mfiwa, kisha akawasha moto.

"Na wewe, Noor," Taha akasema bila kugeuka, "binti yako akiposwa, mwambie mkeo aje aazime. Sitamnyima. Lakini atabisha mlangoni kwangu, atasema hodi, na atangoja nimwitikie."